Picha za Mapepeo za Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ndege na Mimea ya Uchiwa-e

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa zaidi na watu wanaokutana kwa mara ya kwanza na picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mti katika umbo la pepeo. Tunatumia neno pepeo badala ya kipepeo kwa sababu kipepeo ni mdudu pia, na mdudu huyo anaonekana mara nyingi katika picha hizi.

## Mambo ya msingi

1. Uchiwa-e ni nini?

Uchiwa ni pepeo la mkono lisilokunjwa: mpini wa mwanzi, mbavu nyembamba zilizotandazwa kama miale, na karatasi iliyobandikwa pande zote mbili. Uchiwa-e ni picha iliyochapwa ili iwe karatasi hiyo. Ukubwa wake kwa kawaida ni kama sentimita 22 au 23 kwenda juu na 29 au 30 kwenda upande.

Chapa nyingi zinazozungumziwa hapa zilitolewa Edo, jiji linaloitwa Tokyo tangu mwaka 1868, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 na miaka michache baadaye. Zilikuwa bidhaa za msimu. Watu walinunua pepeo jipya joto lilipoanza kupanda, wakajipepea nalo, wakapulizia moto wa jikoni, wakafukuzia mbu, kisha wakalitupa majira yalipogeuka. Anayetazama picha hizi ukutani kwenye jumba la makumbusho bila kukumbuka hilo hukosa sehemu kubwa ya akili iliyotumika kuzibuni, kwa maana kila mstari ulipangwa kwa kitu kitakachoshikwa na kutikiswa karibu na uso.

2. Kwa nini umbo lake si duara kamili, na ile nafasi iliyomeguka chini ni ya nini?

Umbo linafuata mifupa ya pepeo. Mbavu zinatokea kwenye mpini mmoja na kutawanyika, kwa hiyo upande wa juu unapinda kama tao pana, pande mbili zinaingia ndani kwa mviringo, na chini katikati pamebaki pengo dogo la nusu duara ambapo mpini unaingia.

Mchoraji stadi hakulichukulia pengo hilo kuwa hasara. Tawi la mti huingia kutoka upande mmoja na kufuata mpindo wa tao, na ndege huwekwa mahali ambapo jicho lingefika lenyewe baada ya kulifuata tawi. Mashina ya maua huchomoza kutoka chini, karibu na mpini, yakitawanyika sawasawa na mbavu zilizo nyuma ya karatasi. Katika picha ya kundi la kuku ya Katsushika Hokusai (1760–1849), ambayo nakala yake imo katika Tokyo National Museum, majogoo na matembe wamesongamana mpaka wameijaza nafasi yote, migongo na mikia yao ikipinda pamoja na ukingo.

3. Je, kila picha yenye umbo la pepeo ilikusudiwa kuwa pepeo?

Hapana, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kuna mambo matatu yanayofanana machoni. La kwanza ni uchiwa-e yenyewe, kama ilivyoelezwa katika swali la 1. La pili ni picha ya pepeo la kukunja, liitwalo ōgi au sensu, ambalo umbo lake ni kipande cha duara chenye tao refu juu na tao fupi chini. Haya mara nyingi yalichorwa kwa mkono. La tatu ni chapa ya mstatili ambayo ndani yake pamechorwa fremu ya pepeo kama pambo tu, na haikukusudiwa kukatwa kamwe.

4. Kwa nini ndege na mimea?

Wajapani wana jina moja kwa fani hii: kachō, yaani maua na ndege, na mizizi yake iko China. Wachoraji wa enzi ya Song walikwisha kuchora ndege na maua juu ya mapepeo ya hariri ya mviringo, ambayo baadaye yalibanduliwa na kuhifadhiwa katika albamu. Kwa hiyo ndege ndani ya pepeo alikuwa mzee wa karne nyingi alipofika kwenye maduka ya Edo.

Sababu nyingine ilikuwa ya kiserikali. Mwaka 1842, katika mageuzi ya enzi ya Tenpō, serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji wa michezo ya kabuki na za makahaba mashuhuri, ambazo ndizo zilizouzika sana. Wachapishaji walihitaji mada isiyoudhi mamlaka, na shomoro kwenye mwanzi hakumuudhi mtu. Si sahihi hata hivyo kusema kwamba marufuku hayo ndiyo yaliyoanzisha fani hii. Utagawa Hiroshige (1797–1858), mchoraji mkuu wa mapepeo, alikuwa akibuni picha za ndege na maua tangu miaka ya 1830.

## Jinsi zilivyotengenezwa

5. Je, Hiroshige alichonga na kuchapa mwenyewe?

Hakufanya hivyo. Chapa ya Edo ilikuwa kazi ya watu wanne: mchapishaji aliyetoa fedha na kuchagua mada, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ilibandikwa kifudifudi juu ya kibao cha mcheri wa mwituni, na mchongaji akachonga akiipitia, kiasi kwamba mchoro wa asili uliangamia kazi ilipokamilika. Kibao hicho kilitoa mistari, na kila rangi ikachongewa kibao chake.

Mchapaji alipaka rangi kwa brashi, akalaza karatasi yenye unyevu, kisha akaisugua mgongoni kwa kisugulio cha mviringo kiitwacho baren, kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Ili rangi zisipishane na mistari, kila kibao kilikuwa na alama mbili za kulinganisha zinazoitwa kento, moja ya pembe na nyingine iliyonyooka. Weusi au ubuluu unaofifia polepole kuelekea katikati ya anga haukuchongwa. Mchapaji aliufuta kwa mkono juu ya kibao kilicholowa, upya kwa kila karatasi, na ndiyo sababu hakuna nakala mbili zenye anga moja.

Kwa upande wa mapepeo, mchapishaji alikuwa kwa kawaida mfanyabiashara wa mapepeo wa jumla. Jina linaloonekana mara nyingi kwenye kazi za Hiroshige ni Ibaya Senzaburō, ambaye duka lake lilijulikana pia kama Dansendō. Nyumba hiyo ya biashara, inayohesabu mwanzo wake tangu mwaka 1590, bado inauza mapepeo katika mtaa wa Nihonbashi jijini Tokyo kwa jina la Ibasen.

6. Kwa nini buluu ni nyingi namna hii?

Ni buluu iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo Wajapani waliiita bero kutokana na jina la jiji hilo. Kabla yake wachapaji walitegemea buluu ya ua la tsuyukusa, ambayo hupauka upesi, na nili, ambayo ni ngumu kufifishwa kwa ulaini. Bero ilikuwa na nguvu, ilikaa, na iliweza kushuka kutoka giza hadi weupe bila kuacha mabaka.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba mapepeo yalikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ilipotumika. Mwaka 1829 Keisai Eisen alibuni picha za mapepeo zilizochapwa karibu zote kwa buluu hiyo, kabla ya Hokusai kutoa mandhari zake maarufu za mlima Fuji. Inaeleweka: mtu aliyelowa jasho anataka kushika kitu kinachofanana na maji.

7. Karatasi inatokana na nini?

Inatokana na nyuzi ndefu za gome la kōzo, mti wa jamii ya mforosadi ambao wataalamu wa mimea huuita *Broussonetia papyrifera*. Nyuzi hizo hustahimili kusuguliwa mara kumi au zaidi zikiwa na unyevu bila kuchanika. Kabla ya kuchapwa, karatasi hupakwa maji ya gundi na shabu ili rangi isisambae.

Wasomaji wa Uganda wanaweza kuwa wameuona mti huu bila kujua, kwani umeenea katika msitu wa Mabira, ambako sifa yake ni ya mvamizi anayeisonga miti ya asili.

8. Mbona manyoya ya yangeyange meupe yanaonekana ilhali hayakupakwa rangi?

Hiyo ni chapa kavu, karazuri. Kibao chenye mistari ya manyoya hakipakwi rangi yoyote. Karatasi hukandamizwa juu yake kwa nguvu mpaka ikaota migongo na mabonde. Ukiitazama picha hiyo kwa mwanga wa mbele utaona doa jeupe lenye umbo la ndege. Isogeze dirishani na uilaze kidogo ili mwanga uje kutoka ubavuni: shingo inajaza, bawa linagawanyika unyoya kwa unyoya, na kila mstari unatupa kivuli chembamba. Picha za intaneti haziwezi kuonyesha jambo hili, na nakala zilizobanwa sana ndani ya fremu hulipoteza kabisa.

## Ndege na mimea yenyewe

9. Je, ndege na mimea vilioanishwa kwa kanuni?

Ndiyo. Msomaji wa Edo alitambua jozi papo hapo, kama sisi tunavyomalizia methali iliyoanzwa na mwenzetu. Uguisu, ndege mdogo mwimbaji, hukaa kwenye mplamu unaochanua mwishoni mwa baridi. Shomoro wako na mianzi. Mbayuwayu hupita mbele ya matawi yanayoning'inia ya mwerebi, mdiria huinama juu ya airisi kando ya maji, na mabata bukini hushuka kwenye matete chini ya mwezi wa vuli. Kila jozi ni tarehe. Inamwambia mtazamaji ni mwezi gani hata kabla hajasoma shairi fupi lililoandikwa pembeni.

Jozi moja inahitaji maelezo, nayo ni korongo na msonobari, alama ya maisha marefu. Korongo mweupe mwenye kichwa chekundu hujenga kiota chini, kwenye majimaji, wala hatui juu ya msonobari. Anayetua huko ni ndege mwingine mweupe mwenye miguu mirefu na mdomo mzito, na wachoraji waliwachanganya wawili hao. Msomaji wa Kiswahili hana haki ya kuwalaumu, maana sisi pia ndege wote hao wawili tunawaita korongo.

10. Ndege anayeruka usiku mbele ya mwezi au ndani ya mvua ni yupi?

Karibu kila mara ni hototogisu, ndege wa jamii ya kekeo, *Cuculus poliocephalus*. Watu wa Edo walikesha ili wasikie mlio wake wa kwanza wa mwaka, na kwa kuwa hufika mwanzoni mwa majira ya joto, yaani wakati uleule mapepeo yalipotoka dukani, alikuwa ndege wa mapepeo kuliko wote. Huchorwa akipita kasi, mdomo wazi, mara nyingi akikatwa nusu na ukingo wa picha, kwa sababu ni ndege anayesikika zaidi kuliko anavyoonekana.

Mambo mawili yanamfanya apendeze zaidi. Kwanza, hutaga mayai katika kiota cha uguisu, yule mwimbaji wa mplamu aliyetajwa katika swali la 9, kwa hiyo ndege wawili wanaopendwa zaidi na washairi wa Japani wamefungamana kwa udanganyifu wa kiota. Pili, ndege wa aina hiyohiyo huhamia Afrika Mashariki nje ya msimu wa kuzaliana na huonekana katika misitu ya pwani ya Kenya. Wakiwa huku hukaa kimya, ndiyo maana watu wengi hawawatambui.

11. Ua la buluu lenye umbo la faneli ni lipi?

Ni asagao, jina lenye maana ya uso wa asubuhi, kwa sababu hufunguka alfajiri na kunyauka mchana. Ukitaka kulijua vizuri nenda kwenye shamba la viazi vitamu asubuhi. Asagao na kiazi kitamu ni ndugu wa jenasi moja, *Ipomoea*, na ua la kiazi, lenye faneli ya zambarau hafifu na koo jeusi kidogo, ndilo lilelile kwa udogo. Hata mtambao unaojisokota na jani lenye umbo la moyo utavitambua.

Katika karne ya 19 wakazi wa Edo walilizalisha asagao kwa shauku kubwa, wakitafuta petali zilizochanika, zilizokunjamana au zenye mistari. Soko lake la Iriya, Tokyo, hufanyika hadi leo tarehe 6 hadi 8 Julai. Kwenye pepeo, mtambao wake humpa mchoraji msaada mkubwa, kwa kuwa unaweza kupinda kokote ukingo unakopinda.

12. Kwa nini baadhi ya mapepeo ya majira ya joto yanaonyesha theluji?

Kwa sababu ileile ya buluu katika swali la 6. Jicho linapoona theluji juu ya tawi la msonobari, mwili hukumbuka baridi. Usitumie theluji kukisia kwamba chapa ilitolewa wakati wa baridi.

## Uhaba, tarehe na uhalisi

13. Hiroshige alibuni mapepeo mangapi, na kwa nini yaliyobaki ni machache?

Alibuni mamia, na mengi kati ya hayo yanajulikana kwa nakala moja au mbili tu. Chapa za mandhari zilinunuliwa zihifadhiwe. Mapepeo yalinunuliwa yaishe. Nyingi ya zilizotufikia ni karatasi ambazo hazikuwahi kubandikwa kwenye mbavu: sampuli zilizowekwa katika albamu za wafanyabiashara, au mabaki yaliyotunzwa na mtu aliyeyapenda. Ni jambo la kusikitisha na la kustaajabisha kwa pamoja. Tunazifahamu picha hizi karibu zote kupitia zile chache ambazo hazikufanya kazi yake.

14. Nitasomaje mihuri ili nijue tarehe?

Angalia muhuri wa wakaguzi, kwa kawaida karibu na sahihi ya mchoraji. Muhuri mdogo wa duara wenye neno *kiwame*, yaani imekaguliwa, ulitumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1790 hadi 1842. Kuanzia 1843 hadi 1847 kuna muhuri wa jina la mkaguzi mmoja, na kuanzia 1847 hadi 1852 mihuri ya wakaguzi wawili. Kutoka 1852 huongezwa muhuri wenye mnyama wa mwaka na namba ya mwezi, na huo ndio wenye faida zaidi: mwaka wa Panya ni 1852, wa Sungura ni 1855, wa Farasi ni 1858, ambao ndio mwaka aliofariki Hiroshige. Wanyama hurudi kila baada ya miaka 12, kwa hiyo hakikisha sahihi na mchapishaji vinakubaliana na kipindi hicho.

15. Nitajuaje kwamba chapa ni ya zamani na si nakala?

Anza na kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa sawasawa, hiyo ni kazi ya mashine ya karne ya 20 au ya sasa. Kisha igeuze: katika chapa ya kibao rangi hupenya na kuonekana mgongoni, pamoja na alama za mviringo za baren. Nyuzi ndefu za karatasi huonekana ukiielekeza kwenye mwanga.

Ugumu unaanza hapo, kwa kuwa kuna nakala zilizochongwa upya kwa vibao na kuchapwa kwa mkono, ambazo zitafaulu majaribio hayo yote. Hizo hutambuliwa kwa kulinganisha mstari kwa mstari na nakala inayoaminika. Kwa maoni yangu, nakala nzuri ya kuchongwa upya ikiuzwa kwa jina lake halisi ni kitu cha heshima, kwa sababu inaendeleza ufundi ulioelezwa katika swali la 5. Kosa ni kuiuza kama ya mwaka 1850.

16. Chapa yangu ina mistari iliyosimama iliyopauka. Imeharibika?

Imetumika. Mistari hiyo ni alama za mbavu, na inathibitisha kwamba karatasi ilikuwa pepeo kweli kabla ya kubanduliwa. Wakusanyaji wengi hulipa kidogo kwa chapa kama hiyo. Binafsi naithamini kuliko iliyo safi, na ningeomba mtu yeyote asijaribu kuisafisha mistari hiyo. Kinyume chake, karatasi ya mstatili yenye pambizo nyeupe kuzunguka umbo la pepeo haikuwahi hata kukatwa, na hiyo ni adimu sana.

## Kuzitazama na kuzitunza

17. Naweza kuziona wapi?

Victoria and Albert Museum ya London ina zaidi ya chapa mia moja za mapepeo ya Hiroshige. Kwa ndege na maua kwa jumla, mahali pa kukumbukwa ni jumba la makumbusho la Rhode Island School of Design huko Providence, Marekani, ambalo mwaka 1934 lilipokea kutoka kwa Abby Aldrich Rockefeller zaidi ya chapa 700 za fani hii. Makumbusho haya hayaonyeshi kila kitu kwa wakati mmoja, kwa sababu iliyomo katika swali la 18. Andika uombe miadi, au tazama orodha zao kwenye intaneti.

18. Nitatunzaje chapa nikiishi pwani, penye joto na unyevu?

Maadui ni mwanga, unyevu na gundi. Nyekundu ya benibana, ua la jamii ya alizeti, na buluu ya tsuyukusa hupauka kwa mwanga wa kawaida wa sebuleni, na rangi iliyopauka hairudi. Makumbusho huweka mwanga wa lux 50 hivi kwa miezi michache, kisha chapa hurudishwa gizani. Nyumbani, usiitundike ukuta unaoelekea dirisha.

Unyevu wa Mombasa, Tanga au Muscat huleta ukungu na madoa ya kahawia, na huwaalika wadudu walao karatasi. Weka chapa ndani ya kadi isiyo na asidi, kwenye sanduku lililo mbali na ukuta wa nje na juu ya sakafu, na uifungue mara kwa mara kuikagua. Usitumie utepe wa gundi hata kidogo. Ishikizwe kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao hubanduka kwa maji bila kuacha alama.

19. Je, naweza kuibandika kwenye pepeo na kulitumia?

Chapa ya zamani, hapana. Nakala mpya, ndiyo, na ningekuhimiza ufanye hivyo. Mafundi wa mkoa wa Chiba bado wanatengeneza mapepeo ya Bōshū kwa mwanzi mmoja wa mviringo: sehemu ya chini inabaki mzima kuwa mpini, na ya juu inapasuliwa kuwa mbavu kati ya 48 na 64. Paka uji wa wanga kwenye mbavu, siyo kwenye picha, tandaza karatasi kuanzia katikati, bonyeza kila ubavu kwa ukucha ili mistari ijitokeze, kisha acha likauke kivulini kabla ya kukata ukingo na kuuzungushia utepe mwembamba wa karatasi. Likikauka, lishike mbele ya uso na ulitikise polepole: tawi litapinda na kurudi, na yule ndege aliyekuwa ametulia kwenye meza ataanza kupanda na kushuka pamoja na upepo.